Mbao za Shemeji Evodio

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha juu ya ngazi, jikoni kwangu, macho yamenitoka, mkono uko kwenye ubao usio wangu. Aliyenikuta leo nitamsimulia kwa kifupi, kisha tuendelee, maana yaliyofuata ni mabaya kuliko hayo.

Mimi ni Nicanora, mjane wa Abundio, wa hapa Paso Hondo, kando ya mto Papaloapan. Mwaka juzi mjukuu wangu Zenaida alivunjika mguu, daktari akasema atachechemea mpaka kufa kwake. Nikaweka nadhiri kwa Mama Bikira: mtoto akitembea sawasawa, siku ya Kandelaria, sikukuu ya mishumaa ya Februari, nitatoa tarima mpya, kijukwaa cha mbao cha kuchezea ngoma kwa visigino, ya mwerezi, iliyotengenezwa na mikono yangu mwenyewe. Ile ya marehemu Abundio ilichukuliwa na mafuriko. Tangu hapo tulikuwa tukicheza kwenye udongo, miguu haisikiki, kama kuku wanaoparua.

Zenaida akapona. Mwerezi ukakosekana.

Nilijaribu mbao za makasha ya maembe, zikatoa sauti ya katoni iliyolowa maji. Nikajaribu mlango wa banda la zamani, ukapasuka.

Na darini, juu ya meko yangu, zilikuwepo mbao sita za mwerezi, ndefu, nyekundu, zisizo na fundo. Zilikuwa za shemeji yangu Evodio, kaka yake Abundio, mzee wa miaka themanini na minne. Mti aliuangusha mwenyewe mwezi ukiwa unapungua, ili wadudu wasiuguse. Alizipasua, akazipiga kila moja chapa ya ng'ombe wake karibu na ukingo, duara lenye msalaba ndani, akaziweka kwenye moshi wa jiko langu kwa sababu paa lake linavuja.

Zilikuwa mbao za jeneza lake.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa nakiri: nilizishusha.

Sikuzishusha kwa kunyatia. Nilizishusha saa nne asubuhi, jua linawaka, huku najiambia kwamba naazima tu. Macario, mwenye mkokoteni, alikuwa ameniapia kwamba kabla ya sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, ataniletea mwerezi mwingine kutoka milimani. Na Evodio mwenyewe mlimjua alivyokuwa: anapanda farasi bila kushikwa mkono, anakula pilipili mbichi kama tango. Mtu wa namna hiyo ana haraka gani na jeneza?

Basi nikaanza kazi. Miaka arobaini nilimshikia Abundio mbao akipiga randa, kwa hiyo macho yangu yalijua hata kama mikono haikujua. Nikagawa tarima nusu mbili, mbao tatu huku na tatu huku, ziungane kwa kulabu za chuma, kila nusu na mishikio ya kamba, ili iweze kubebwa kwenda uani kwa yeyote mwenye sherehe. Chini nikaweka fito mbili tu, maana fito zikizidi huikaba sauti. Ubavuni nikatoboa matundu manne manne, ya kuingia kidole, ili mlio upate pa kutokea. Misumari nikaizamisha na kuiziba kwa nta, kisigino kisije kikanasa.

Upande wenye chapa nikaugeuzia chini. Nani atapiga magoti kuchungulia tumbo la tarima?

Lakini mkokoteni wa Macario ni mfupi, na tarima isiyoingia mkokotenini haibebeki. Nikapima. Mbao zilizidi shibiri moja na nusu. Abundio alikuwa akipima mara tatu kabla ya kukata. Mimi nilipima mara tatu, nikanywa kahawa, nikapima mara ya nne.

Nikakata.

Vipande sita vya mwerezi nikavitupa kwenye kapu la kuni. Nakiri na hilo, maana mbele mtalikuta.

Nilipomaliza nikavaa viatu vyangu vya ngozi vyenye visigino, nikapanda, nikapiga hatua tatu. Jamani! Kuku walikimbia mpaka mtoni. Ule mlio ulinipanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno. Nikasimama pale juu, mwanamke wa miaka sabini na moja, nalia kama bibi harusi.

Furaha yangu ilidumu siku mbili.

"Mama mdogo, upo?"

Ilikuwa sauti ya Ofelia, binti wa Evodio. Nikaitupia tarima magunia, nikakaa kando nikijipepea.

"Nipo, mwanangu, pita."

Akaingia na macho mekundu. "Baba kifua kimembana tangu juzi. Usiku hakulala, anahema kama mvukuto."

"Mpe asali na ndimu ya moto."

"Amekataa. Anasema ya ndimu yamepita. Anataka mbao zake zishushwe, fundi aanze kupima."

Moyo ukanipiga kofi. Ofelia akainua uso na kutazama darini.

"Mbona hazipo?"

"Dumuzi," nikasema.

"Dumuzi?"

"Dumuzi wa mbao. Nimeona unga unga unadondoka kwenye maharage."

"Mama mdogo, mwerezi unaliwa na dumuzi tangu lini?"

"Wa siku hizi hawachagui, mwanangu. Nimempa Macario akazianike kwake."

 Ofelia akaonyesha magunia kwa kidevu. "Na hiki?"

"Meza. Ya kupangia tamale."

Hilo aliliamini, kwa sababu siku ya Wafalme, tulipokata ule mkate mtamu wenye kidoli ndani, kidoli kilinitokea mimi, mbele yake. Na anayetokewa na kidoli ndiye anayewalisha watu tamale, ile mikate ya unga wa mahindi inayofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke, siku ya Kandelaria.

Basi Ofelia akajikalia juu ya ile "meza". Nikampa kahawa. Akanywa huku amekalia mbao za jeneza la baba yake, akalia machozi ya kweli, akaniambia, "Kinachomtuliza ni kimoja tu. Anasema, angalau mbao zangu ziko kwa Nicanora. Nicanora ni mtu wa kuaminika."

Nikamwongezea kahawa.

Alipoondoka nikafunga kanga kiunoni, nikaenda kwa Macario karibu kwa kukimbia. Nikamkuta anapaka punda wake mafuta ya kwato.

"Macario! Mwerezi wangu uko wapi?"

"Mama Nica, shikamoo kwanza."

"Marahaba, mwerezi uko wapi?"

"Uko milimani. Haujambo."

"Macario!"

"Barabara imekatika, mama. Mto umeila. Mwerezi upo lakini hauji. Ila sikukuacha mikono mitupu, nimekupatia hizi." Akanionyesha mbao nyeupe, nyepesi, zina mafundo kama ndui.

Nikagonga moja. Ikajibu kama boga.

"Hizi ni za banda la nguruwe."

"Kwani aliye ndani ya jeneza ataona?" akacheka. Kisha akaniona uso, cheko likamkatika. "Ni za nani zile ulizokatia tarima, Mama Nica?"

Macario si mjinga. Akalikunja lile kopo la mafuta mkononi. "Ee Mungu wangu. Basi mwambie Mzee Evodio asife mpaka Pasaka."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti mbele ya Bikira nikamwomba amponye Evodio. Naandika hili kwa aibu: sikumwomba kwa ajili yake. Nilijiombea mimi.

Siku tatu niliomba hivyo, nikimpelekea mchuzi wa kuku kila adhuhuri, nikimkuta kwenye machela yake ya kamba, kifua kinapanda na kushuka. Kila nikiingia ananiuliza neno lile lile.

"Shemeji, zimekauka?"

"Bado kidogo, shemeji."

"Usiwaruhusu wazikate ovyo. Mimi mrefu. Baba yetu walimkunja magoti ili atoshe. Mpaka leo namwota akiwa amekunja magoti."

Nikachukua bakuli langu, nikatoka.

Asubuhi ya Kandelaria nilikuwa naosha majani ya mgomba ya kufungia tamale, nikasikia Ofelia anakuja anaimba. Anaimba!

"Mama mdogo! Baba ameamka! Amekunywa mchuzi wote, amenyoa ndevu, anataka gitaa lake. Anasema hawezi kukosa tarima mpya ya shemeji yake."

Bikira alikuwa amenisikia. Alinijibu nilichoomba, chote, hakupunguza hata tone.

"Si atachoka?" nikasema. "Vumbi, kelele, watu..."

"Hujafurahi?"

"Nimefurahi mpaka natetemeka, mwanangu."

Kuni zilikuwa mbichi kwa umande. Mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye kapu, ikachukua vile vipande vikavu vya mwerezi, ikavitia chini ya sufuria kubwa. Vilishika moto mara moja.

Baada ya misa, watu wakaja na mishumaa yao iliyobarikiwa. Macario akaleta tarima uani kwa mkokoteni, nusu mbili, tukaziunga kwa kulabu. Hakunitazama usoni. Evodio akaja ameegemea bega la Ofelia, mwembamba, mrefu kama mlingoti, kofia nyeupe kichwani. Wakamwekea kiti mahali pa mpigaji mkubwa kuliko wote: goti lake liguse tarima, maana gitaa la sauti nene la Evodio ndilo linaloongea na mbao.

Nikampa tamale. Akala ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu akainusa.

"Nicanora, leo tamale zako zinanukia kanisa."

"Ni majani, shemeji."

"Majani ya mgomba yanukie kanisa? Basi mgomba wako umekuwa mtawa."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa wanawake peke yao, kama ilivyo desturi. Zenaida akapanda wa kwanza. Mguu ule ule uliovunjika ndio alioanza nao. Waimbaji wakiimba, miguu inanong'ona. Wakinyamaza, miguu inapasua. Na walipomaliza ubeti, Zenaida akaiamsha tarima.

Sijui kama nitausikia tena mlio ule. Ulizunguka ua mzima. Bibi wa jirani, ambaye hasikii sawasawa, aliinua uso akauliza nani amekuja.

Ofelia naye hakuvumilia. Akamgusa Zenaida begani, maana ndivyo mwanamke anavyoomba nafasi, akapanda mahali pake akaanza kupiga visigino huku anacheka na kumtazama baba yake.

Evodio hakuwa anacheka.

Vidole vyake vilikuwa vimepunguza kasi. Shingo ameinamisha, sikio ameligeuzia mbao. Mnakumbuka nilivyosema kila mwaka alikuwa anapanda ngazi yangu na kuzigonga mbao zake kwa kifundo cha kidole? Kama sikusema, nasema sasa. Miaka kumi na moja alizigonga. Alizijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe.

Akaacha kupiga kabisa. Akainua mkono.

"Una!"

Kwetu hilo ndilo neno la kuusimamisha wimbo, na mpigaji mkubwa akilitoa, hakuna anayeongeza hata uzi mmoja. Ofelia akabaki na mguu hewani.

"Shuka, mwanangu," Evodio akamwambia.

Akainama pole pole, akaingiza kidole kwenye tundu la ubavuni, akakikunja juu. Nilimwona anapapasa. Nilimwona anakizungusha kidole. Duara. Halafu msalaba.

Akakitoa kidole, akakitazama kana kwamba kimeungua.

"Macario," akasema, "mbao zangu zimekauka?"

Macario akavua kofia, akaitazama ndani, kama jibu limo humo.

Nikasema, "Shemeji, kosa ni langu. Niliweka nadhiri. Nilidhani utaishi."

Uani mtu mmoja akaguna. Ofelia akageuka akanitazama. "Meza ya tamale," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikaa juu yake, mama mdogo. Nikalia juu yake."

Sikuwa na pa kuficha uso.

Evodio akasimama. Akavua kofia, akampa Zenaida. Akapanda juu ya tarima, akakaa, akainua miguu, akalala chali pale katikati, mikono kifuani. Wanawake wawili wakafanya ishara ya msalaba. Miguu yake ilining'inia nje, kuanzia juu ya vifundo, soksi zinaonekana.

Akainua kichwa akaitazama miguu yake.

"Fupi," akasema.

Akanigeukia.

"Umenikata miguu, Nicanora."

"Mkokoteni ulikuwa mfupi, shemeji."

"Kwani nilisema nizikwe na mkokoteni?"

Hapo watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha woga, kikafa chenyewe. Evodio akarudisha kichwa chini. Alikuwa anatazama mbingu. Alipoongea tena sauti ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mlio wake ni mzuri. Sikujua kama una mlio huo. Nisikilize, shemeji. Mtoto ameponywa na nadhiri ni nadhiri. Na wacheze, mimi nikiwa bado nasikia. Siku yangu ikifika mtazing'oa misumari, fundi ataniunganishia vile vipande ulivyokata, nami nitalala nimenyooka. Hapo sitakudai neno. Ila nikunjwe magoti kama baba, hapana. Hilo sitakusamehe, si hapa, si huko niendako."

Watu wakashusha pumzi. Ofelia akapangusa machozi. Mtu akasema, "Mzee amesema."

"Vipande viko wapi?" Evodio akauliza. "Kaniletee, nivione. Nasubiri papa hapa." Akafumba macho.

Nikaenda jikoni. Njia ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu maisha yangu yote, siku ile zilikuwa mia.

Sufuria ya pili ya tamale ilikuwa inachemka. Nikapiga magoti mbele ya meko. Cha kwanza, majivu. Cha pili, majivu. Nikachokoa kwa koleo, kaa likavunjika vipande, harufu ya kanisa ikanipanda puani. Cha tatu, cha nne, cha tano, vyote vimekwenda, vimo matumboni mwa wageni kwa njia ya mvuke.

Cha sita kilikuwa kimesukumwa pembeni. Nusu yake inawaka.

Nililitupa koleo. Nilikitoa kwa vidole, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikalia *sssss* kama paka. Nikakishika pale gizani mwa moshi, cheusi upande mmoja, chekundu upande wa pili, kinachuruzika maji, urefu wake haufiki kiganja.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Nzito, kisha nyepesi. Nzito, kisha nyepesi.

Hakuwa amesubiri.

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye bega la Zenaida, mwingine kwenye mwimo wa mlango, anahema. Akatazama meko. Akatazama sufuria. Akalishika tumbo lake, lenye tamale tatu, akalishika kwa muda mrefu.

Kisha akatazama kile kipande mkononi mwangu.

"Hicho," Evodio akasema, "ni cha miguuni au cha kichwani?"